Milango Iliyohama

Fundi alikuwa mwongo wa siku. Kwenye mbao sikuwahi kumsikia akidanganya, lakini kwenye siku hakuwa na haya hata kidogo. Ukimwuliza kiti chako kitakuwa tayari lini, alikutazama machoni kwa upole, akafuta vumbi la mbao mikononi na kusema, "Kesho kutwa." Neno hilo alimwambia kila mtu wa upande wetu wa Ngumbo: katekista, mke wake mwenyewe, na Serikali. Serikali yenyewe ilikuwa mimi.

Nilikuwa Bwana Maendeleo, kijana kutoka Tanga niliyepelekwa ufukweni mwa Ziwa Nyasa nikiwa na baiskeli, mkoba wa fomu na imani kubwa juu ya misumari. Nayasema haya mapema ili usije ukadhani nilikuwa upande wa Fundi tangu mwanzo. Mimi ndiye niliyemchukulia vyombo vyake vya kazi, na kimoja kikanipotea. Nitafika huko. Kwanza umjue mtu mwenyewe.

Banda lake lilikuwa nyuma ya kanisa, nguzo sita na paa la nyasi, kuta hakuna. Ndani yake palikuwa na benchi la wageni. Ukikaa pale, baada ya muda kidogo unajikuta umesogea mbele. Unarudi nyuma, unasogea tena. Maneno uliyokuja nayo yanakuishia njiani, unaaga unakwenda zako. Kwa mwaka mzima niliamini kwamba miguu ya mbele ya benchi lile imeliwa na mchwa, nikamhurumia mzee wa watu kwa kukosa muda wa kutengeneza kitu chake mwenyewe. Siku moja alipokwenda kunywa maji nililipindua. Kila ulimi wa mbao ulikuwa umekaa katika tundu lake sawasawa, hata kucha isingepita. Miguu miwili ya mbele ilikuwa imekatwa mifupi kwa upana wa kidole, kwa msumeno, kwa makusudi.

"Fundi," nilimwambia aliporudi, "benchi hili umelifanya hivi kusudi."

"Ulikuwa unakuja kila siku," alijibu, akaendelea kupiga randa.

Mtu mmoja tu benchi lile halikumweza. Alikuwa Bibi, jirani yake mjane, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuita ng'ambo ya bonde. Yeye alikanyaga chini kwa visigino, akakaa, akasimulia mpaka ugali ukaiva kwa mke wa Fundi na kwake ukaungua. Aliponiona nateleza alinionea huruma. "Kaza miguu, mwanangu," aliniambia. "Hapa ukitaka kukaa, unakaza miguu." Fundi alimtazama kama mtu aliyetolewa siri yake hadharani.

Sasa misumari. Nilikuwa nimepewa sanduku zima kutoka wilayani, lipelekwe kwa mafundi wa vijijini ili waharakishe kazi. Nililifunga nyuma ya baiskeli, nikalisukuma kilima na bonde, nikamfikishia Fundi huku jasho linanitoka. Alilifungua kwa heshima zote. Alichagua misumari miwili mizuri, akaipigilia kwenye nguzo ya banda, akatundika kofia yake kwenye mmoja na kofia yangu kwenye mwingine.

"Ahsante, Bwana Misumari," alisema. "Kofia yangu ilikuwa inakaa chini."

Jina hilo likanishika. Wiki ile ile watoto wa shule walikuwa wanalijua, na mwezi uliofuata nilisikia kwamba limefika Lituhi.

Nilijaribu kumweleza. Nilimwambia kwamba kwa misumari mlango unakwisha kwa siku moja, na yeye anauchonga wiki tatu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akanipeleka nyumbani kwa Bibi kunionyesha mlango aliomfanyia zamani. Ulikuwa wa mninga uliopasuliwa mbao kwa msumeno wa shimoni, upande wa Liparamba, ukakaushwa misimu miwili kivulini. Hapakuwa na chuma hata chembe. Fremu ilishikana yenyewe kwa yenyewe, na ukutani ilishikwa na kabari nne za mti zilizogongwa kwa ndani, mahali ambapo mwizi hafiki. "Nyumba hizi za udongo mchwa anazimaliza," alisema. "Mtu anajenga nyingine. Mlango nao afanye upya? Anagonga kabari, anautoa, anakwenda nao." Nilimwambia kwamba katika kijiji cha kisasa watu hawatahamahama. Aliitikia kwa kichwa, kwa adabu ambayo baadaye ilinikosesha raha kila nilipoikumbuka.

Usimfikirie kuwa mtu asiyependa misumari kabisa. Popote alipouona umepinda njiani aliinama, akauokota, akaunyoosha juu ya jiwe na kuutia katika kopo. Kopo lilijaa, akaanza jingine. Sikumwona akitumia hata mmoja. Nilipomwuliza ni wa nini, alisema mtu akikutana na kitu kilichoharibika hana budi kukinyoosha, hata kama hana shughuli nacho.

Mambo yake mengi yalikuwa hivyo. Alichonga makasia mazuri kuliko fundi yeyote wa pwani ile ya ziwa, wavuvi wakiyagombania, na yeye mwenyewe hakuwahi kukanyaga mtumbwi. Alikwenda Lituhi kwa miguu, siku nzima juani, huku mitumbwi ya watani wake inampita majini na kumwita apande. "Kitu hakina miguu," aliniambia, "nikikalie cha nini?" Alikuwa na rula ya kukunja, zawadi ya wamisheni waliomfundisha kazi, nayo aliitumia kujikunia mgongo. Vipimo alichukua kwa uzi wa nyavu, akipiga fundo kwenye goti, fundo kwenye nyonga, fundo kwenye bega. Nyuzi zile zilining'inia kwenye paa la banda, kila mtu na wake, na alizijua zote bila alama. Katekista aliponenepa Fundi alijua kabla yake.

Kanisani alipiga magoti kwa muda mrefu kuliko watu wote, na wageni walimdhania mcha Mungu kupindukia. Sisi tuliokuwa tunamfahamu tulijua kwamba anachungulia viungo vya benchi la mbele. Misa moja alitoa kabari ndogo mfukoni na kuigonga kwa kiganja wakati wa mahubiri. Padri alinyamaza, akasubiri amalize, akaendelea. Mimi Mwislamu nilisimuliwa na watu wanne tofauti kabla ya saa sita, na wote walikuwa wanafuta machozi ya kicheko.

Na nyumba yake haikuwa na mlango. Mtu aliyefungia kijiji kizima alilala nyuma ya mkeka uliotundikwa. Mke wake, tuliyemwita Mama, alikuwa ameahidiwa mlango tangu walipooana. Ukipiga hodi, alitoka chini ya ule mkeka ameinama na kusema, "Karibu. Mlango wangu ni wa kesho kutwa." Alilisema bila kinyongo, au alikuwa amezoea kinyongo chenyewe.

Basi, ikaja barua. Vijiji vya ujamaa vianzishe karakana, na vyombo vya mafundi wote wa kijiji viwekwe pamoja, vijana wajifunze, kazi iwe ya wote. Nilikubaliana nayo kila neno, na sehemu kubwa bado nakubaliana nayo. Katibu wa kijiji, mtu mwema mwenye haraka, alinikabidhi daftari la kuorodhesha. Katika kijiji chetu mafundi wote walikuwa mmoja.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, Bwana Misumari. Umekuja na daftari."

"Nimekuja na daftari."

Alikuwa amejiandaa. Alinyanyua kifurushi cha gunia na kukifungua mbele yangu. Vilikuwamo tezo, misumeno miwili, vyuma vya randa, patasi saba kuanzia pana hadi ile nyembamba ya kutobolea matundu ya kabari. Vyote vilikuwa vinang'aa, vimepakwa mafuta. Na vyote vilikuwa vyuma vitupu. Mipini ilikuwa imetolewa, na randa zimebaki bila mwili.

"Mipini iko wapi?" niliuliza.

Alinionyesha. Ilikuwa imepangwa juu ya meza yake, ya mpera, imelika mahali pa vidole. Alinitia mmoja mkononi. Haukunikaa, ulinigomea kwenye kidole gumba. "Mimi ni wa kushoto," alisema. "Mipini yangu itawaumiza vijana wenu. Nimewahurumia." Nilimtazama nione kama anacheka, nikashindwa kujua. Niliandika katika daftari: vyombo vimepokelewa. Alichobakiwa nacho ni nyundo yake ya mti, maana haikuwa na chuma.

Vijana wawili wa karakana walikuwa na moyo, sitawasema vibaya. Waliweka mipini ya mti mbichi, na mti mbichi ukikauka unasinyaa. Wiki ya tatu tezo lilichomoka katikati ya pigo, likaruka ua, likatua katika chungu cha maharage cha mke wa Katibu. Kwa bahati alikuwa ameinuka kufuata chumvi. Baada ya hapo waliogopa vyombo vile na kurudi kwenye sanduku langu la misumari. Waligongomea kwa misumari mlango wa duka la ushirika na mlango wa ofisi kwa siku mbili, nami niliripoti maendeleo hayo wilayani kwa herufi kubwa. Patasi nyembamba ilitumika kufungulia kopo la rangi, halafu haikuonekana tena. Tulitafuta kila mahali. Sahihi iliyokuwa daftarini ilikuwa yangu.

Miezi ile Fundi alikaa bandani na mipini yake mitupu. Kila asubuhi aliipaka mafuta, mmoja baada ya mwingine, akairudisha mahali pake. Aliniuliza, "Hawajambo huko?" kama mtu anayeulizia wagonjwa. Hakunitania. Nilitamani anitanie. Usiku sikuwa nikilala bila kuona meza ile, na nilijionea aibu kwa namna ambayo haikuwa na fomu ya kuijaza. Watu nao walianza kusema kwamba atakwenda zake Lituhi, kwa jamaa zake, akae tu ale usipa, dagaa wa ziwani. Fundi bila vyombo angebaki kufanya nini kwetu? Nilipomwambia kuhusu patasi, aliweka chini mpini aliokuwa anaupaka mafuta.

"Ile ndiyo ya milango," alisema. Kisha akautoa mpini wa patasi ile mezani, akautundika kwenye ule msumari wa kofia yangu. Kofia nikaishika mkononi tangu siku hiyo.

Tulihamishwa mwaka uliofuata. Kijiji kizima kiliondoka kwenye mabonde ya milimani kuja kwenye uwanda ulio karibu na barabara, nyumba zipangwe mistari. Tuliahidiwa lori. Lilikuja mara moja, likabeba mabati ya shule, likakwama na kuondoka. Asubuhi ya kuhama nilisimama njiani na orodha yangu, nikasikia sauti ya mti kugonga mti, mapigo mawili, kimya, mapigo mawili, nyumba ya pili.

Alikuwa Fundi na nyundo yake ya mti. Aliingia nyumba moja baada ya nyingine, akagonga kabari kwa ndani, na mlango ukatoka mzima na fremu yake kama ulivyoingia. Kabari alizifunga kwa uzi na kumpa mwenye nyumba azishike kinywani au ndani ya kitambaa cha kichwa. Kisha wakaanza kupita. Milango ilishuka kilima juu ya vichwa vya watu, mmoja, mitano, thelathini, kila mmoja na miguu chini yake. Bibi alikuwa wa kwanza. Mlango wake ulibebwa na wajukuu wawili, naye alitangulia mbele akiwaelekeza kwa ile sauti yake, "Taratibu, mtaugonga," ingawa njia nzima hapakuwa na kitu cha kugonga. Mwisho kabisa akaja Mama, amebeba mkeka.

"Wangu ndio mwepesi kuliko yote," aliniambia akipita.

Mlango wa duka vijana waliung'oa kwa mtaimbo. Misumari ilikataa kutoka, mbao zikakubali. Ulipasuka vipande vitatu. Wa ofisi ulipasuka viwili.

Jioni ile kila familia iliyosimamisha miti na nyasi ililala nyuma ya mlango uliofungwa, na mali ya ushirika haikuwa na mahali pa kulala. Kwa wiki kadhaa sukari, chumvi na mbegu za mahindi za kijiji kizima zilikaa nyumbani kwa Bibi. Katibu alipotaka kutoa kitu alipiga hodi. Bibi alimjibu kutoka ndani kwamba anakula, au anasali, au hajisikii vizuri, arudi baadaye. Siku moja alifunguliwa na mjukuu, akamkuta Bibi ameketi juu ya magunia, miguu ameikaza, anasuka ukili. Katibu alikuja kwangu moja kwa moja.

"Bwana Maendeleo, Fundi atengeneze mlango wa duka. Leo hii."

Tulikwenda wote wawili. Fundi alitukaribisha kwenye benchi, alikuwa amehama nalo pamoja na ile nguzo ya misumari miwili. Katibu akaanza kuteleza.

"Nitautengeneza," Fundi alisema. "Kesho kutwa. Ila niuchonge kwa nini? Kwa meno?"

Katibu alisema vyombo ni vya kijiji kwa barua ya wilaya, havirudishwi kwa mtu binafsi, yeye na mimi tutaulizwa. Alikuwa anasema kweli. Nami nilikuwa nimeshika daftari, na sijui ni nini kilinipata, labda ni ile milango niliyoiona ikishuka kilima. Nilifungua ukurasa wa vyombo nikaandika: vimechakaa, vimepelekwa kwa fundi kwa matengenezo. Nilimsomea Katibu. Katibu alitazama nyasi za paa kwa muda.

"Matengenezo yatachukua siku ngapi?" aliuliza.

Wote tulimgeukia Fundi. Sijawahi kumwona akifurahi kiasi kile. "Kesho kutwa," alisema.

Wilaya iliuliza kila baada ya miezi mitatu. Kila nilipoulizwa nilikwenda kwa Fundi, nikamsomea barua, akanijibu, nami nikaandika kwamba matengenezo yanaendelea. Hadi nahamishwa yalikuwa bado yanaendelea. Mlango wa duka alikuwa ameukamilisha, bila haraka, na vijana wawili wa karakana walijifunza kwake kwa kutumia mipini waliyojichongea wenyewe, ya mti mkavu. Kwa hiyo karakana ilikuwapo, ingawa haikuwa kwenye ramani yangu. Matundu ya kabari aliyatoboa kwa kipande cha springi ya lori alichokinoa, akilalamika. Ule mpini mtupu haukushuka kwenye msumari. Nilipokwenda kuaga ulikuwa bado unaning'inia pale mbele ya macho yangu.

Nilistaafu. Korogwe nilikutana na fundi mzee aliyekuwa anauza vyombo vyake, miongoni mwavyo nikaona patasi nyembamba, chuma kizuri, na nikaichukua bila kufikiri. Miezi michache baadaye nilikuwa ndani ya basi linaloteremka kutoka Mbinga kuelekea ziwani, patasi imefungwa kwenye taulo.

Nyumba niliikuta palepale. Nilipiga hodi, nikasubiri mkeka uinuliwe. Hapakuwa na mkeka. Palikuwa na mlango wa mninga, mpana, viungo vyake hata huvioni. Mama aliufungua wima, bila kuinama. Alikuwa amezeeka, na hakutabasamu.

"Shikamoo, Mama. Naona umepata mlango."

"Marahaba, baba. Ameuweka mwezi uliopita." Aliushika pembeni kwa mkono. "Tangu hapo sijalala vizuri."

Fundi alikuwa bandani, amekonda mno, shingo imebaki mishipa. Nilimwamkia. Alinitambua kwa sauti. Kofia yake ilikuwa kwenye msumari wake na mpini ulikuwa kwenye wangu. Nilifungua taulo nikampa patasi. Alipitisha kidole gumba kwenye makali, akaigonga kwa kucha karibu na sikio.

"Si ile," alisema.

"Si ile, Fundi. Ile niliipoteza. Nisamehe."

"Ilikuwa nzuri kuliko hii." Aliutungua mpini, akaujaribu. Tundu lilikuwa dogo. Alivuta kisu, akaanza kulipanua kwa mkono wake wa kushoto, polepole, mkono unatetemeka mpaka unapogusa mti, hapo unatulia. Nilimwona anavyohema. Nilimwambia asijisumbue, nipo wiki nzima kwa Katibu, nitakuja kuiona kesho kutwa.

Alitikisa kichwa.

"Kaa," alisema. "Naimaliza leo."

Miaka yote ile sikuwahi kulisikia neno hilo likitoka kinywani mwake. Nilimgeukia Mama, aliyekuwa amenifuata bandani, naye alikuwa anatazama ziwani. Benchi la wageni lilikuwa mahali pake. Niliketi, likaanza kunisukuma mbele taratibu, kama zamani, niondoke. Nikakaza miguu.